Amemeza vidonge vingi: usingoje aanze kuugua

Mtu akimeza vidonge vingi vya paracetamol, siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima. Anatembea, anaongea, anasema hana kitu. Basi jamaa wanalala. Kumbe maini yanaharibika pole pole, na macho ya manjano yanatokea kiisha siku mbili tatu, saa imeshapita. Iko dawa ya kuokoa maini, asetilsisteini, lakini inasaidia zaidi ndani ya masaa 8 ya kwanza. Kwa hiyo ni hopitali mbio, hata usiku.

Mafuta ya mawese, maziwa, ao vidole kooni ili atapike: hapana. Vinaweza kupita mapafuni. Kama amelegea, mumulaze kwa ubavu. Mubebe paketi za dawa, munganga aone amemeza nini.

Halafu wengine wanaanza kumugombeza pale kitandani: ametuletea haya! Mgonjwa ananyamaza, na hapo ndipo hatari inabakia. Aulizwe kwa upole kama alitaka kujiua. Swali hilo halimpi mtu wazo la kufa. Mbele ya kurudi nyumbani, jamaa waombe aonane na mtu wa afya ya akili. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Na dawa za nyumbani ziwekwe ndani ya sanduku yenye kufuli.