"Ha" Moja ya Waziri

Waziri akisimama bungeni Dodoma akasema "hatutajenga", kipaza sauti kikaimeza "ha" ya mwanzo na mwandishi wa Hansard, taarifa rasmi ya mijadala ya Bunge, akaandika "tutajenga", jimbo zima limeahidiwa barabara isiyokuwapo. Wengi huiona kazi hii ni ya vidole tu: vaa hedifoni, sikiliza, chapa. Kwangu ni kazi ya kuamua. Fungua taarifa yoyote ya Majadiliano ya Bunge utakuta mabano ya (Makofi) na (Kicheko), maneno ambayo hakuna mbunge aliyeyatamka. Aliyesikiliza ndiye aliyepambanua shangwe na kejeli. Hata mkato una uzito wake. "Hatukulipa, kwa sababu ya malalamiko" maana yake fedha hazikutoka. Uondoe mkato, na sasa yaweza kusomeka kwamba fedha zimetoka, ila kwa sababu nyingine. Sauti ni ileile.

Atauliza mtu: kwa nini tuhangaike na maandishi ilhali video zipo? Video ina faida yake, lakini mwanasheria anayetafuta kauli moja ndani ya kikao kilichoanza saa 3 asubuhi hawezi kukesha akiangalia sura za watu. Anahitaji ukurasa wa kunukuu. Isitoshe, matangazo yana mwenyewe. Januari 2016 Serikali ilipotangaza kuwa TBC, shirika la utangazaji la umma, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, mjadala ulikuwa mkali, na aliyetaka kujua mbunge wake kasema nini, neno kwa neno, alibaki na Hansard.

Hoja nzito zaidi ni ya mashine. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zimeshafika kwenye Kiswahili, na sioni sababu ya kuzikataa: rasimu ya dakika chache humwokolea mtu saa nzima ya kurudisha sauti nyuma. Ila mbunge wa Kongwa au Mpwapwa huchanganya Kiswahili, Kiingereza na methali ya Kigogo kwa pumzi moja, huku mwenzake akipaza sauti "Taarifa!" bila kuwasha kipaza sauti. Mashine haikubali kushindwa; pasiposikika mara nyingi huweka neno linaloelekea kufaa, nalo husomeka vizuri kabisa. Kosa la namna hiyo halimshtui msomaji, kwa hiyo rasimu ya mashine inataka mhakiki mzoefu zaidi kuliko yule wa zamani, anayeufahamu mjadala na majina ya vijiji. Kupunguza watu hao kwa sababu programu imenunuliwa ni kuokoa fedha mahali pasipofaa.