Sarafu za Katuni za Urusi: Ni Pesa, ni Fedha, au ni Pambo?

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Tumepokea maswali kadhaa kutoka Unguja na Pemba, yote yakizunguka jambo moja. Vijana wetu wanaosoma Urusi wakirudi likizo huwaletea wadogo zao sarafu zilizochorwa Masha na Dubu na wanyama wengine wa katuni. Wazazi wanauliza: Je, inafaa kuzinunua kwa bei kubwa kuliko ile iliyoandikwa juu yake? Inafaa kuzitundika ukutani? Zina zaka? Wanazuoni wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua, basi tuzijue kwanza sarafu zenyewe.

Tutaomba jambo moja kwa msomaji. Kiswahili chetu kinaita "fedha" madini yale meupe na pia pesa tunazotumia dukani. Katika makala hii tukisema fedha tunakusudia madini, na tukisema pesa tunakusudia pesa.

Benki Kuu ya Urusi ilianza mwaka 2017 kutoa mfululizo wa sarafu za kumbukumbu za filamu za katuni za nchi hiyo. Za mwanzo zilikuwa za Mashujaa Watatu, wapiganaji wa ngano za kale za Warusi, na ya Vinni-Pukh, dubu wa kitabu cha Kiingereza aliyevishwa sura ya Kirusi. Mwaka 2018 ikaja ya mbwa mwitu anayemfukuza sungura na asimpate, filamu inayoitwa Nu, pogodi!, yaani "Ngoja tu, utaona!" Sungura wa huko naye ni mjanja kama wa kwetu. Zikafuata Wanamuziki wa Bremen mwaka 2019, Mamba Gena mwaka 2020, Masha na Dubu pamoja na Umka, mtoto wa dubu mweupe, mwaka 2021, kisha Ivan mwana wa mfalme na Mbwa Mwitu wa Kijivu mwaka 2022, na Ua Jekundu mwaka 2023.

Wengi wa wahusika hawa wametoka katika studio moja ya Moscow, Soyuzmultfilm, iliyoanzishwa mwaka 1936, na la ajabu ni kuwa Vinni-Pukh, Gena, Umka, wanamuziki wale na sungura na mbwa mwitu wake wote walionekana mwaka mmoja, 1969. Kwa hiyo mtu mzima wa huko akiishika sarafu hii anakumbuka utoto wake. Masha ni wa juzi. Filamu zake zilianza mwaka 2009, ingawa kisa cha msichana aliyepotea msituni akaangukia nyumba ya dubu ni ngano ya zamani. Huyu watoto wetu wanamjua vizuri sana, kwa sababu simu za wazazi wao hazipumziki.

Ua Jekundu lina jambo linalotugusa kidogo. Aliyeiandika ngano hiyo, Sergei Aksakov, alizaliwa Ufa, mji wa nchi ya Wabashkiri ambao ni Waislamu, na katika mji huo tangu mwaka 1789 kumekuwa na baraza la mufti. Watatari na Wabashkiri nao wanazitia mifukoni sarafu hizi hizi. Basi swali hili si la watu wa visiwani peke yao.

Kila filamu hutolewa kwa aina mbili za sarafu, na hapa ndipo hukumu zinapoanza kutengana. Ya kwanza ni ya rubli 3, ya fedha, yenye gramu 31.1 za fedha safi ndani yake. Ukiipima pamoja na madini yaliyochanganywa inakaribia gramu 34. Ya pili ni ya rubli 25, ya shaba na nikeli, uzito wake gramu 10. Hii ya pili nyingi hazina rangi, na chache hutiwa rangi zikafungwa katika kadi nzuri, na hizo ndizo zinazouzwa ghali. Kisheria zote mbili ni pesa halali za Urusi na benki huzipokea kwa thamani iliyoandikwa. Lakini nani atatoa gramu 31 za fedha apewe rubli 3, ambazo hazinunui hata mkate?

Tuanze na picha, kwa kuwa ndilo swali lililoulizwa zaidi.

Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Warumi zenye sura za wafalme wao, na dirhamu za Wafursi zenye sura ya mfalme upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili. Waliendelea hivyo hadi Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotoa sarafu za maandishi matupu, dinari yake ikitoka mwaka 77 Hijria. Dirhamu za Kiislamu za namna hiyo ndizo zilizopanda baadaye mto Volga na kuingia nchi ya Warusi kwa maelfu, na hadi leo zinafukuliwa huko ardhini. Kwetu pia, wazee walifanya biashara ya karafuu kwa reale yenye sura ya malkia Maria Theresa, na Sayyid Barghash alipotoa pesa yake ya shaba mwaka 1299 Hijria aliweka picha ya mizani. Leo shilingi 200 ina simba wawili, na hakuna aliyeiacha nje ya msikiti.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi walizitazama dinari za Kirumi wakasema picha zake hazikatazwi, kwa sababu dinari hudhalilika kwa kutumiwa: inashikwa, inatupwa kwenye mfuko, inapita mkono hadi mkono, na wema waliotangulia waliamiliana nazo bila ya kukanusha. Walikichukulia kisa cha Bibi Aisha (RA), alipokuwa na pazia lenye picha na Mtume (SAW) akalichukia, kisha likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Kitambaa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mahali pake, kutoka kuinuliwa hadi kukaliwa.

Sasa itazame sarafu ya Masha iliyofungwa katika kadi. Haitumiwi, haipiti mikononi, na mwenye nayo anaogopa hata kuigusa kwa kidole. Ile sababu iliyowafanya mafakihi waipitishe dinari ya Kirumi haimo ndani yake. Ikiwekwa ndani ya fremu ikatundikwa sebuleni, imeshakuwa picha ya kiumbe chenye roho iliyoinuliwa, na hilo hatuliruhusu, ingawa wapo katika wanazuoni wa zama hizi wanaolegeza katika katuni kwa kuwa si sura ya kiumbe wa kweli. Ikiwekwa kwenye kisanduku au mtoto akaichezea, jambo ni jepesi, kwani Bibi Aisha mwenyewe alikuwa na wanasesere na farasi mwenye mbawa, na Mtume (SAW) aliona akacheka. Mwenye kuwa nayo mfukoni akaswali, swala yake ni sahihi.

Kuhusu visa vyenyewe hatuna maneno mengi. Mzazi anatazama mwanawe anapewa nini: yule mbwa mwitu wa Nu, pogodi! anavuta sigara, na sarafu moja ya mwaka 2019 ni ya Babu Baridi, mzee wa ndevu nyeupe anayeleta zawadi za mwaka mpya wa Warusi. Hii ya mwisho hatungempa mtoto, hasa katika siku hizo.

Linalotutia wasiwasi zaidi kuliko picha ni biashara yake, kwa sababu watu hawaioni riba iliyojificha humo. Katika hadithi ya Ubada bin Swamit (RA) aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (SAW) ameamrisha dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha ziwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na aina zikitofautiana, watu wauze watakavyo maadamu ni mkono kwa mkono. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilipitisha kuwa pesa za leo zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka.

Basi sarafu ya fedha ya rubli 3 ukiinunua kwa shilingi au kwa rubli, bei yoyote inafaa, kwa sababu kinachonunuliwa kwa hakika ni fedha na kinacholipwa ni pesa nyingine. Sharti ni kukabidhiana pale pale. Kulipa leo kwa simu na sarafu ije baada ya wiki tatu, hilo ndilo lisilofaa, na ndivyo wengi wanavyofanya. Njia nyepesi ni kumwakilisha ndugu aliyeko huko: unampelekea pesa, yeye anaingia dukani, analipa na kuipokea papo hapo, kisha anakuletea amana yako.

Sarafu ya rubli 25 ina utata wake. Mtu akienda benki akaibadilisha kwa rubli 25 hakuna swali. Akiinunua ile ya rangi kwa rubli 300, je, ametoa rubli 300 kwa rubli 25? Aliyesoma vitabu vyetu atasema kuwa fulusi za shaba hazina riba kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu, hata zikienea sokoni. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini fulusi za wakati ule zilikuwa chenji ndogo pembezoni mwa dinari na dirhamu, na leo hakuna dinari nyuma ya pesa yoyote. Wapo pia wanaosema sarafu hii imeshakuwa bidhaa kwa kuwa inanunuliwa kwa ajili ya kazi ya mikono. Kauli hii ina nguvu kwa sarafu iliyokwisha kuondolewa katika matumizi. Hii ya katuni bado ni pesa, na benki ingali inaipokea, kwa hiyo tunaona salama ni kutoizidishia bei kwa rubli. Aliyeletewa huku akainunua kwa shilingi, mkono kwa mkono, ametoka kwenye tatizo, kwani shilingi na rubli ni aina mbili.

Kuna na kubadilishana, ambako vijana wanakupenda. Mmoja ana Masha ya fedha, mwenzake ana Umka ya fedha. Moja kwa moja, pale pale, inafaa, kwani uzito ni mmoja. Lakini akisema Masha ni adimu, nipe Umka mbili, au nipe Umka na shilingi elfu ishirini juu, hiyo ni riba ya ziada wazi, na uadimu hauihalalishi. Mtume (SAW) alipoletewa tende nzuri za Khaybar zilizobadilishwa kwa tende duni nyingi zaidi, alikataza, akaelekeza tende duni ziuzwe kwa dirhamu kisha kwa dirhamu hizo zinunuliwe zile nzuri. Vijana wafanye hivyo hivyo: auze yake kwa shilingi, ashike pesa yake, kisha anunue anayoitaka.

Zaka inabaki. Nisabu ya fedha ni gramu 595. Sarafu 19 za rubli 3 zina gramu 590.9 za fedha safi, hazijafika. Ya 20 ikiingia zinakuwa gramu 622, zimefika, na mwaka ukizipitia zitatolewa asilimia mbili na nusu. Hazisamehewi kwa kuitwa kumbukumbu, kwani kilichosamehewa katika madhehebu yetu ni pambo la halali linalovaliwa. Mwenye sarafu chache lakini ana akiba ya pesa, wanazuoni wengi wa leo wanamtaka ajumlishe vyote pamoja. Za rubli 25 huhesabiwa na pesa zake kwa thamani iliyoandikwa, isipokuwa aliyezinunua ili aziuze, huyo hutazama bei ya soko kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Na mzazi aliyemwekea mtoto sarafu za fedha kila siku ya kuzaliwa ajue kuwa kwa Imam Shafi mali ya mtoto ina zaka, na mwenye kuitoa ni walii wake, kutoka katika mali hiyo hiyo ya mtoto.

Wallahu aalam.