Diski ya Kubebea, Diski ya Akiba

Mpiga video wa harusi anachomeka flashi ya gigabaiti 32 ili amkabidhi bwana harusi kazi yake. Faili ina gigabaiti sita, flashi ni tupu kabisa, lakini kompyuta inakataa: faili ni kubwa mno. Anarudi dukani akiamini ameuziwa mbovu. Muuzaji hana kosa, na flashi ni nzima. Imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa miaka ya 1990 ambao haupokei faili moja inayofikia gigabaiti nne, hata nafasi iwe tele.

Mfumo wa faili ni kama daftari la mtunza ghala: ndilo linaloonyesha kila mzigo umewekwa wapi. Kufomati ni kuanzisha daftari jipya. Ghala likiwa na daftari ambalo kompyuta yako haiwezi kulisoma au kuliandika, ukubwa wake hautakufaa kitu. Ndiyo maana swali la “diski gani nzuri?” halijibiki mpaka lijibiwe la kwanza: ni ya kazi gani?

Kazi zenyewe ni mbili. Kuna diski ya kubebea, inayopita kwenye kompyuta za ofisini, studio na vibanda vya kuchapisha, ikaokota virusi na kuanguka njiani. Na kuna diski ya akiba, inayotunza nakala ya vitu vilivyomo kwenye kompyuta yako na ambayo haipaswi kuzurura. Wengi hununua moja kwa kazi zote mbili, kisha hufuta faili kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Hapo hakuna akiba tena. Faili imehama tu, na diski ikifa inaondoka nayo.

Kwa kubeba, nunua SSD. Haina kitu kinachozunguka, hivyo huvumilia mitikisiko, na hata zile za kawaida husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde. Diski ya sumaku, ile HDD tuliyoizoea, ina visahani vinavyozunguka, mara nyingi mara 5,400 kwa dakika katika zile ndogo za mkononi, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikianguka inapofanya kazi, huenda usiipate tena. Kasi yake ni megabaiti mia moja na ushei kwa sekunde, lakini bei yake kwa kila terabaiti ni nafuu. Tena, ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme hutunza data vizuri kuliko SSD, ambayo chaji ya chembe zake huvuja polepole. Kwa akiba, basi, HDD inatosha, na iwe na ukubwa angalau mara mbili ya data unayoilinda. Angalia pia tundu la kompyuta: kwenye USB 2.0 hata SSD ya bei kali hutambaa kwa megabaiti 40 hivi kwa sekunde.

Usishtuke Windows ikikuonyesha gigabaiti 931 kwenye diski ya terabaiti moja. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024, hakuna aliyekuibia. Wizi ni ile SSD ya “terabaiti 16” inayouzwa kwa bei ya flashi. Mara nyingi ndani yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili idanganye ukubwa wake. Itapokea kila unachoinakilia bila kulalamika, ila vinavyozidi uwezo wake halisi hupotea. Kabla ya kuiamini diski mpya, ipime kwa programu ya H2testw au F3, ambazo hujaza nafasi yote kisha husoma kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Sasa mfumo. Diski ya kubebea ipe exFAT, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006. Windows na Mac huisoma na kuiandika, na Linux pia katika matoleo ya miaka ya karibuni. Udhaifu wake ni kwamba haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokatizwa njiani. Umeme ukikatika au ukiichomoa ghafla wakati wa kunakili, faili zinaweza kuharibika. Kwa hiyo itoe kwa utaratibu kila mara. Diski ya akiba ipe mfumo wa kompyuta yako mwenyewe: NTFS kwa Windows, APFS kwa Mac ya miaka hii, ext4 kwa Linux. Mifumo hii hustahimili zaidi kukatizwa, ila haielewani: Mac husoma NTFS bila kuiandika, na Windows haiisomi APFS.

Kabla ya kufomati, hamisha kila kitu na uhakikishe jina la diski uliyoichagua, kwa maana kompyuta haitakuuliza mara tatu. Elewa pia kwamba kufomati kwa haraka hutupa daftari tu, mizigo inabaki ghalani. Anayenunua diski yako kuukuu anaweza kuifufua kwa programu za bure. Kwenye Windows, ondoa tiki ya Quick Format ukitaka HDD ifutwe kweli. Kilicho bora zaidi ni kuifunga diski kwa nenosiri tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker au kwa kuchagua APFS iliyosimbwa. Ukilisahau nenosiri hilo na ukapoteza pia ufunguo wa akiba, ule wa BitLocker kwa mfano, hakuna fundi wa kukusaidia.

Ukimaliza kunakili, chomoa diski ya akiba uiweke mbali. Ikibaki imechomekwa, virusi vya kudai fidia kama WannaCry vya mwaka 2017 huifunga pamoja na kompyuta, na mwizi huibeba kwenye begi lilelile la laptopu. Nakala ya pili iwe nyumba nyingine. Mwaka 1998, amri iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 katika studio ya Pixar, na akiba za studio zikabainika hazikuwa zikifanya kazi. Iliyookoa kazi ni nakala aliyokuwa nayo nyumbani Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua.

Pixar walikuwa na akiba. Ila hawakuwa wakiijaribu mara kwa mara. Chukua faili moja kutoka kwenye diski yako ya akiba, ifungue kwenye kompyuta nyingine. Isipofunguka, heri ujue leo, ya asili ikiwa bado ipo.