Karatasi za Nyimbo: Tusiziache Zifungie Karanga



Juma hili tunazungumza juu ya makaratasi ya nyimbo. Kila jamaa inayo: karatasi ya korali, karatasi ya nyimbo za ndoa, karatasi tuliyogawiwa kwenye matanga. Siku chache zikipita, inafungia karanga au inawashia moto. Huko Uingereza nyimbo nyingi zilipotea hivyo hivyo, na tunaona inafaa tujue jinsi nyingine zilivyookolewa.

Wimbo wa peni moja

Tangu miaka ya 1500 mpaka ya 1800, wachapaji wa London na miji mingine walichapa mashairi na nyimbo kwenye karatasi moja moja, mara nyingi upande mmoja tu. Muuzaji, mwanamume au mwanamke, alisimama sokoni akaimba, na watu wakanunua kwa peni moja au nusu yake. Nyimbo zilisimulia mapenzi, vita, mauaji, na ugomvi wa mume na mke. Kwa kawaida hazikuwa na noti za muziki. Ziliandikwa tu kwamba ziimbwe kwa sauti ya wimbo fulani ambao watu waliujua tayari.

Nyingi hazikuwa na jina la mtunzi wala mwaka. Watu walizibandika ukutani, wakafungia chakula, zikaisha.

Waliozitunza

Samuel Pepys, mkubwa katika ofisi ya jeshi la majini la Uingereza, alikusanya zaidi ya 1,800 na kuzipanga kwa habari zake katika vitabu vitano. Alikufa mwaka 1703, lakini karatasi zake zingali zinatunzwa katika chuo cha Magdalene, Cambridge.

Isaiah Thomas, mchapaji wa Marekani, alifanya jambo linalotufundisha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 alinunua Boston karatasi zaidi ya 300 zilizokuwa zikiuzwa wakati ule ule. Alitaka watu wa baadaye waone watu wa kawaida walipenda kuimba nini. Hakungoja nyimbo zizeeke ndipo azione kuwa na thamani.

Orodha inafanya kazi gani?

Maktaba ya Bodleian huko Oxford ina karatasi za nyimbo karibu 30,000. Bila orodha, nani angepata anayoitafuta? Kwa hiyo kila karatasi inapewa namba, kisha yanaandikwa jina la wimbo, mstari wa kwanza, sauti yake, picha iliyopo, na jina la mchapaji pamoja na mahali alipofanyia kazi. Mstari wa kwanza una faida kwa sababu wimbo mmoja unaweza kuitwa kwa majina mengi.

Hata jina la mchapaji linasaidia kujua umri wa karatasi. James Catnach alianza kuchapa Monmouth Court, London, mwaka 1813. Alipoacha kazi mwaka 1838, dada yake Anne Ryle ndiye aliyeishika. Basi karatasi isiyo na mwaka, ikiwa na jina la Ryle, tunajua ilitoka baada ya Catnach kupumzika. Jina la mwanamke limeipa karatasi umri wake.

Karibu na mwaka 1970, mtunza maktaba Steve Roud alianza kuandika nyimbo kwenye vikaratasi alivyovipanga ndani ya maboksi ya viatu. Alitoa namba moja kwa wimbo mmoja, hata kama unaimbwa tofauti huku na kule. Wimbo "Barbara Allen" ni namba 54. Pepys aliandika mwaka 1666 kwamba alifurahi kumsikia mwanamke mmoja, mchezaji wa tamthilia, akiuimba. Mpaka leo unaimbwa.

Nyimbo za vinywa vya wamama

Lakini karatasi haibebi kila kitu. Mwandishi James Hogg alisimulia kwamba mama yake, Margaret Laidlaw, alimgombeza Walter Scott aliyechapa nyimbo za Scotland. Mama alisema zilitungwa ziimbwe, si zisomwe, na kwamba kuzichapa kumeziharibu.

Mwanamke mwingine wa Scotland, Anna Gordon, alijifunza nyimbo kwa mama yake, shangazi yake na mwanamke mlezi wa nyumbani. Watu waliziandika kutoka kinywani mwake. Profesa Francis James Child wa Marekani alipopanga kitabu chake kikubwa cha nyimbo 305, alitegemea sana nyimbo za mama huyu. Tunamjua kwa sababu walioandika wimbo waliandika pia jina la mwimbaji.

Tufanye nini kwetu?

Wengi wetu tumekimbia vita bila kubeba hata kaye moja. Nyimbo zilizobaki ziko kichwani mwa wazee, nao wanatuacha. Basi tuanze na haya:

Kila karatasi tuipe namba. Katika kaye tuandike mstari wa kwanza, lugha, mahali na mwaka ulipoimbwa, na jina la mama aliyetufundisha.

Tutumie kalamu ya risasi. Tusitumie utepe wa kunata, maana unaacha madoa. Karatasi zikae mahali pakavu, mbali na jua na panya.

Tumwombe nyanya aimbe, na kijana amrekodi kwa telefone, kwa maana sauti haimo kwenye karatasi.

Orodha tuinakili mara mbili, na nakala moja ikae kwa jirani au ndugu wa mji mwingine. Moto au vita vikifika nyumba moja, nyingine itabaki nayo.

Kwenye mkutano ujao, kila mama aje na karatasi moja ya wimbo. Asiye na karatasi aje na wimbo wenyewe, tutauandika pamoja, na jina la aliyemfundisha litaandikwa kwanza.