AKIBA YA WANGA HUOZA IKIPATA MAJI

Ndugu mkulima wa Kitui na Makueni, twaa punje moja ya mahindi makavu, uipasue kwa kisu. Upande mmoja utaona kiini kidogo, na sehemu yote iliyobaki ni unga mgumu. Kiini ndicho mmea mchanga. Unga ni chakula alichowekewa na mama yake. Jina la chakula hicho ni wanga, nao ni wa ukoo mkubwa uitwao kabohaidreti. Katika kilo 1 ya mahindi makavu, kama gramu 700 ni wanga. Yafaa uujue vizuri, maana katika mwaka 2004 akiba hii iliyowekwa vibaya iliua watu wengi hapa kwetu.

Wanga hutengenezwaje?

Jani la kijani huvuta hewa ya kaboni, hupokea maji kutoka mizizini, na kwa nguvu za jua hufanya sukari iitwayo glukosi. Kila molekuli yake ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Kwa seli, yaani zile chembe hai ndogo zinazojenga kila mmea na kila mnyama, glukosi ni kama fedha mkononi: hutumiwa upesi kupata nguvu.

Lakini sukari huyeyuka na huvuta maji. Ikirundikwa ndani ya seli, maji yataingia kupita kiasi. Kwa hiyo mmea huziunga glukosi kama shanga katika uzi, mamia na maelfu pamoja. Mnyororo huo ndio wanga. Hauyeyuki katika maji baridi, bali hutulia kama nafaka ghalani. Hii ndiyo sababu hindi bichi lililochumwa leo ni tamu, na likikaa siku mbili tatu utamu hupungua: sukari inageuka kuwa wanga.

Shanga zilezile zikiungwa kwa namna nyingine, kila moja ikiwa imepinduliwa kinyume cha mwenzake, huwa selulosi. Hiyo ndiyo kuta za seli, nayo hulipa bua nguvu ya kusimama. Wanga ni ghala la mmea. Selulosi ni nguzo za nyumba yake. Tumbo la mtu haliwezi kuifungua selulosi. Mbuzi wako hufaidika na mabua kwa kuwa tumbo lake la kwanza lina vijidudu vinavyomfanyia kazi hiyo.

Nasi pia tuna akiba yetu. Glukosi inayozidi huungwa ini na misuli kuwa glikojeni, na ile ya ini hutusaidia usiku tusipokula.

Maji huamsha ghala

Mbegu ikipata maji, kiini huamka na kutoa vimeng'enya vinavyoukata mnyororo, na wanga hurudi kuwa sukari. Ndiyo maana kimea cha mtama ni kitamu. Mate yako pia yana kimeng'enya cha namna hiyo. Tafuna muthokoi polepole kwa muda mrefu, nawe utaonja utamu.

Sasa sikiliza vizuri. Ukungu nao unavyo vimeng'enya hivyo. Ukiota juu ya punje yenye unyevu, hukata wanga na kula sukari yake. Aina moja, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, hutia katika nafaka sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini.

Katika mwaka 2004 Makueni na Kitui, zilizokuwa wilaya wakati huo, ziliumia kuliko zote. Pamoja na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani yaliyowekwa yangali na unyevu. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika Machakos, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Makueni, watu 12 walikufa vivyo hivyo.

Usidanganyike: kupika hakuondoi sumu hii. Kuanika baadaye huzuia ukungu usiendelee, lakini sumu iliyokwisha kuingia hubaki. Tena nafaka yaweza kuwa na sumu bila wewe kuona ukungu wowote.

Basi fanya hivi:

1. Vuna mahindi yaliyokomaa, na usiyarundike juu ya udongo.

2. Yaanike juu ya turubai au mkeka. Jioni yafunike au yaingize ndani.

3. Yapime kwa chumvi. Tia chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo, ongeza punje, funga, tikisa, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100. Endelea kuanika, maana kiasi cha kuwekea akiba ni 13.5 au chini yake.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

5. Punje zilizooza au kugeuka rangi zitenge uzitupe. Usimpe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hata katika maziwa.

Twajua si rahisi kutupa mahindi wakati mvua imekosekana na watoto wanangoja chungu. Njaa na hofu ya wezi huwafanya wengi wavune kabla ya wakati na kulala na mahindi mabichi ndani ya nyumba. Ukilazimika kuvuna mapema, usiyafungie katika gunia. Yatandaze na kuyaanika siku hiyohiyo. Na mashaka yakikushika, mwite afisa wa kilimo ayapime kabla hayajafika jikoni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli kwa mtu aliyekausha akiba yake.