Ngazi Tatu Mlangoni

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilijenga karakana ya kushona nguo. Walichanga miaka minne, mabati yakapatikana, fundi akamaliza. Siku ya kufungua, mwenzao mmoja aliyepooza miguu kwa polio alifika kwa kiti chake cha magurudumu, akakwama nje. Mlangoni kulikuwa na ngazi tatu. "Si tutakubeba tu," wakamwambia. Akabebwa. Kesho yake akabebwa tena. Siku ya tatu hakuja. Na huyo ndiye aliyewafundisha wengine kukata mashati!

Hakuna aliyekuwa na roho mbaya pale. Hawakumwuliza kabla ya kuchimba msingi, basi. Wakati ule ingekuwa kazi ndogo. Kubomoa na kujenga upya ni gharama nyingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi zile zilikuwa na kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko unataka mita 5 na sentimita 40. Fundi atataka kuufupisha ili aokoe saruji. Msikubali: mteremko ukiwa mkali, kiti hurudi nyuma na mtu huanguka. Tena usilainishwe, maana mvua ikinyesha utateleza. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na ndani ibaki nafasi ya mita 1 na nusu ya kugeuzia kiti.

Choo ndicho husahaulika kabisa. Mama huyu alituambia kwamba siku zile mbili hakunywa hata chai, akiogopa haja. Choo kinahitaji mlango mpana unaofunguka nje, kikalio kilichoinuliwa, na mti imara wa kushikilia ukutani.

Kuhusu vyombo, cherehani ya kukanyaga haimfai yeye. Ya kuzungusha kwa mkono inamfaa. Mwenzenu asiyeona anataka vitu visihamishwe ovyo. Kiziwi naye, mwangalieni usoni mnapomwambia jambo, na mjifunze ishara zake.

Wengine hutuuliza kama huu ni msaada. La. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa.

Kikundi kile kimeanza kusomba mchanga wa mteremko. Juma lililopita walipima, na aliyeshika futi ya kupimia ni yeye mwenyewe.