Kichwa Ndicho Faroma

Mpwa wangu alinipokea steji ya Suneka akiwa amevaa vitu viwili vilivyokataa kupatana. Kichwani alikuwa na helmeti ya baiskeli ya milimani, ile inayofunika uso mpaka kidevuni, na machoni miwani kubwa ya kuzuia vumbi yenye mkanda mpana. Nilipomtazama vizuri niliona paji lote la uso liko wazi. Helmeti imesukumwa nyuma kama kofia ya mzee aliyepitiwa na usingizi barazani.

"Shikamoo, Mjomba," akasema, na sauti ikatokea puani kwa jinsi miwani ilivyombana.

"Marahaba. Mbona umeivaa hivyo?"

"Nikiishusha mahali pake miwani haina nafasi, Mjomba. Nikiivua miwani sioni njia."

Msomaji wa Mombasa au Lamu asije akamcheka. Sisi tumezoea barabara tambarare, na anayepanda baiskeli kwetu aghalabu husumbuliwa na jua tu. Suneka ni mji mdogo wa Kisii, katika Bonchari, kando ya barabara kuu iendayo Migori, na ukiacha lami hatua chache tu unaingia katika vilima na mabonde ya migomba, mahindi na miwa. Mvua hunyesha karibu kila mwezi. Ikikatika siku chache, udongo mwekundu huwa vumbi. Ikirudi, huwa tope linalorushwa na gurudumu la mbele hadi usoni. Kijana anayeteremka kilima kwa kasi akiingiwa na chembe jichoni hufumba macho, na katika kufumba huko ndimo ajali zinamotokea.

Helmeti aliinunua mtumba. Miwani aliletewa na binamu yake aliye Muscat, naye aliichagua kwa mapenzi, tena ile ya waendesha pikipiki za mashindano. Kumbe hapo ndipo kasoro ilipoanzia. Helmeti za pikipiki hizo zina dirisha pana la macho, na miwani yake huundwa kubwa vivyo hivyo. Dirisha la helmeti ya mpwa wangu lilikuwa jembamba. Fremu ilipolazimishwa kuingia, ukingo wa juu wa helmeti uliisukuma chini, miwani ikakalia pua, na kijana akawa hawezi kuvuta pumzi ila kwa kinywa. Dawa aliyoiona ni kuisukuma helmeti nyuma. Akapata nafasi, akakosa kinga ya paji la uso, mahali ambapo mtu arushwaye mbele na baiskeli huweza kuangukia kwanza.

Jioni ile nilimweleza habari ya kofia zetu. Anayeshona kofia ya viua hapimi kwa kukisia. Hupima mzingo wa kichwa, na kofia ikifuliwa na kutiwa wanga huvishwa faroma ili isipoteze umbo. Basi, nikamwambia, kichwa chako ndicho faroma. Helmeti ifuate kichwa, na miwani ifuate helmeti. Yeye alianza na miwani, kwa kuwa ilikuwa zawadi.

Dada yangu akaleta futi ya cherehani. Tulimpima kijana juu kidogo ya nyusi, tukazungushia pale nyuma ya kichwa palipojitokeza zaidi. Kipimo hicho, kwa sentimita, ndicho huandikwa ndani ya helmeti. Ikikaa sawasawa, ukingo wake huwa karibu na nyusi, usipite upana wa vidole viwili. Mashavu hubanwa kidogo kama mtu anayezuia kicheko. Na ukitikisa kichwa, ngozi ya uso huenda pamoja nayo. Ya mpwa wangu ilimkaa vema, alhamdulillahi. Kilichobaki, tukadhani, ni miwani peke yake.

Hapo akanitajia jambo lililonishtua. Fundi mmoja wa sokoni alikuwa amejitolea kumchonga povu la ndani kwa kisu, pale juu ya macho, ili miwani ipate kuingia. Walipatana iwe Jumatatu!

Lile povu gumu jeupe, liitwalo polistirini, ndilo helmeti yenyewe. Gamba la nje ni koti tu. Mtu aangukapo, povu husagika, na katika kusagika humeza nguvu ambayo ingeufikia ubongo. Nalo hufanya kazi hiyo mara moja tu. Likishasagika halirudi, hata kama gamba la nje lang'aa kama jipya. Kulichonga ni sawa na kubomoa ukuta wa nyumba ili kabati lienee.

Watu walichelewa kuyajua haya. Wengi wamesikia habari za Lawrence, Mwingereza aliyevaa kanzu na kilemba katika jeshi la Amiri Faisal wakati wa vita vya kwanza. Yeye hakufia Arabuni. Mwezi wa Mei 1935, huko kwao Uingereza, alikuwa juu ya pikipiki yake, hana kofia ngumu, akakwepa wavulana wawili waliopanda baiskeli, akaanguka, na baada ya siku sita akafariki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliandika mwaka 1941 juu ya majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae helmeti. Kwetu Kenya, marekebisho ya sheria ya trafiki ya 2012 yalimlazimu mwendesha pikipiki kuvaa helmeti na koti la kuakisi mwanga.

Nalitaja hili la pikipiki kwa sababu rafiki ya mpwa wangu, mwanabodaboda, alikuwa akiiazima helmeti ile siku za mvua. Si yake. Helmeti ya uso mzima ya baiskeli za mteremko hupimwa kwa kanuni nyingine, kama ile ya Marekani iitwayo ASTM F1952, na ya pikipiki kwa kanuni zake. Zafanana kwa sura, kazi mbali.

Jumamosi tulikwenda Kisii mjini, helmeti mkononi, tukajaribu miwani moja baada ya nyingine humo humo ndani ya helmeti, muuzaji akinuna. Sponji ya miwani iguse uso pande zote, isiache mwanya. Fremu isigombane na dirisha. Na baina ya ukingo wa juu wa miwani na helmeti pasionekane ngozi. Hata hivyo matundu ya hewa yaliyo juu ya miwani yasizibwe, maana hapo ukungu hutanda kwenye kioo, na kwa baridi ya Kisii hilo si jambo la mbali. Ukungu ukiingia usifute ndani kwa kidole, utaondoa dawa iliyopakwa kuuzuia. Mkanda nao upite juu ya helmeti, usipite ndani. Binti wa dada yangu, naye hupanda, aliuliza habari ya mtandio wake. Tukajaribu: mwembamba, usio na pini wala fundo kisogoni, hauleti taabu.

Miwani ya nne ilikubali. Kabla ya kulipa, kijana akaivua mito ya kitambaa iliyomo ndani ya helmeti ili aone kama fremu inagusa povu. Akanyamaza. Akanionyesha. Upande wa kushoto, juu ya sikio, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele ulioshuka hadi ukingoni. Mwenyewe wa kwanza, popote alipo, aliwahi kuanguka nayo.

Hatukununua kitu siku ile. Helmeti aliikata vipande viwili kwa msumeno, mtu mwingine asije akaiokota, na baiskeli ikakaa ukutani karibu miezi mitatu, dada akichangia, nami nikituma kidogo kutoka pwani. Alipopata helmeti mpya alikwenda na miwani mfukoni, akazijaribu pamoja.

Ile ya Muscat haikutupwa. Dada yangu huivaa akikata vitunguu vya pilau.